Mradi wa Mwanafunzi Kazini: Kuupanga, Kuueleza na Kuuacha Ukiwa Hai

(Hotuba iliyotolewa na mwalimu wa shule ya msingi mbele ya vijana wanaokwenda mafunzo ya vitendo katika mashirika ya umma mjini Jinja na Mbale, wakati wa maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani. Inachapishwa kwa ombi la Kamati ya Jamii.)



Nachukua nafasi hii kuishukuru Kamati kwa kunipa heshima ya kusema nanyi. Siku ya Wakimbizi Duniani, ambayo imekuwa ikiadhimishwa kila tarehe 20 Juni tangu mwaka 2001, huwa kwetu siku ya ngoma, mpira na kukumbuka tulikotoka. Hayo yote ni mema. Lakini safari hii Kamati imeona tutenge nusu saa kuzungumza juu ya tunakokwenda, kwa sababu hapa mbele yangu wameketi vijana ambao baada ya wiki chache watafunga mizigo yao kwenda mashariki ya Uganda, wengine Jinja na wengine Mbale, kufanya mafunzo ya vitendo katika mashirika ya umma. Wengi wao watashughulika na maji. Chuo kimewaambia kwamba kila mmoja lazima afanye mradi, kisha asimame mbele ya wakubwa wa ofisi na kuueleza. Wamekuja kwangu mmoja mmoja wakiuliza, "Mwalimu, mradi ndio nini hasa, na nitaanzia wapi?" Leo nawajibu wote kwa pamoja, wazazi wakisikia.

Mimi ni mwalimu wa darasani, si mhandisi. Lakini kazi niliyofundishwa chuoni ni kupanga: azimio la kazi la muhula mzima, na andalio la somo la dakika arobaini. Mradi wa mwanafunzi kazini ni ndugu wa andalio la somo. Una lengo, una muda, una vifaa, na mwisho wake kuna mtu anayetakiwa aelewe jambo ambalo hapo mwanzo hakulielewa.

Neno langu lote la leo nalitia katika sentensi moja, na anayetaka kulala baada ya hapo alale: mradi mzuri hujibu swali la wenyeji, hutosha katika muda ulio nao, na huendelea kutumika baada ya wewe kuondoka.

MAHALI MNAPOKWENDA

Jinja iko kilomita 80 hivi mashariki ya Kampala, pale Mto Naili unapotoka katika Ziwa Viktoria. Ni mji uliokua kwa viwanda baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954. Kituo chake cha umeme siku hizi huitwa Nalubaale. Mbale iko mbele zaidi, chini ya Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba. Miji yote miwili ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020.

Baadhi yetu twaijua nchi ya mashariki kwa njia nyingine. Tulipokimbia machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, tulivukia Busia na Malaba, tukapokelewa Mulanda karibu na Tororo, kabla ya watu kuhamishiwa Kiryandongo mwaka 2008. Wakati ule tulikuwa wa kupanga foleni kwenye bomba, kila mama na jerikeni yake. Leo watoto wetu wanarudi upande ule ule wakiwa na barua za chuo, kujifunza jinsi maji yanavyofika kwenye foleni. Hilo si jambo dogo.

Mtakaokwenda katika Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, lijueni kabla hamjafika. Liliundwa mwaka 1972 likianza na miji mitatu: Kampala, Entebbe na Jinja. Kufikia mwaka 1988 miji mingine ilikuwa imeongezwa, Mbale ikiwa mojawapo. Mbale pia ndipo yalipo makao ya Mwavuli wa Maji na Usafi wa Mashariki, mamlaka ya umma inayosimamia maji ya miji midogo na vituo vya biashara vya upande huo. Kwa hiyo kijana anayekwenda Mbale anaweza kujikuta katika ofisi ya mji mkubwa au katika ofisi inayohangaika na tanki moja, pampu moja na mabomba ya kijiji. Nawaambia hii ya pili isidharauliwe, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na hali yetu ya kambini.

Nataka mjue jambo moja zaidi katika historia ya Shirika hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa taabani. Zaidi ya nusu ya maji lililosafisha na kusukuma hayakulipiwa: mengine yalivuja ardhini, mengine yaliibwa, mengine yalipita katika mita mbovu au yaliandikwa vibaya ofisini. Mwezi wa Novemba 1998 aliteuliwa mkurugenzi mkuu mpya, Dakta William Muhairwe. Mwezi wa Februari 1999 Shirika lilianzisha mpango ulioitwa Mpango wa Siku 100. Hawakusema, "Tutaboresha huduma." Walihesabu siku, wakaweka shabaha za kupimika, na kila eneo likajua linadaiwa nini. Baadaye ikafuata mipango mingine na mikataba ya kazi kati ya makao makuu na maeneo. Katika muongo uliofuata, kiasi cha maji yasiyolipiwa kilishuka hadi kufikia theluthi moja hivi. Theluthi moja bado ni nyingi, na ndiyo maana kazi ipo hata kwako wewe mwanafunzi.

Nimeitaja habari hii kwa sababu ndani yake mna somo lote la kupanga. Kama shirika zima la taifa liliweza kujiokoa kwa kujifungia katika siku 100, wewe mwenye wiki nane una sababu gani ya kuandika mradi usio na mwisho?

KUCHAGUA SWALI

Kosa linaloua miradi mingi hutokea siku ya kwanza. Mwanafunzi hubeba kichwa cha mradi kutoka chuoni, kikubwa na cha kupendeza, mathalani "Uboreshaji wa Huduma za Maji Mashariki ya Uganda". Hicho ni kichwa cha waziri. Mwanafunzi anahitaji swali dogo ambalo mtu fulani pale ofisini hulala nalo akilini.

Na swali hutoka mahali. Jinja hunywa maji ya ziwa. Maji ya ziwa hubadilika polepole. Taabu zake ni uchafu wa kijani unaoota majini, na magugumaji yaliyolisumbua ziwa hilo sana katika miaka ya 1990. Mbale hunywa maji ya mito inayoteremka mlimani. Mvua ikinyesha huko juu, mto hubadilika rangi kwa saa chache tu, na mtu wa kusafisha maji lazima abadilishe kipimo cha dawa haraka. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Mbale, ukiwamo Nabuyonga, ilivunja kingo zake. Watu zaidi ya 20 walikufa, mabomba yakang'olewa, na mji uliozungukwa na maji ukakosa maji ya kunywa. Basi anayechukua mradi wa Jinja na kuunakili Mbale ni sawa na mwalimu anayefundisha darasa la pili kwa andalio la darasa la saba.

Utalipataje swali? Wiki ya kwanza funga mdomo, fungua macho. Fuatana na fundi bomba. Keti na msoma mita. Muulize mtu wa pampu, "Ni jambo gani hukusumbua kila siku na hakuna aliyepata nafasi ya kulipima?" Nasema kulipima, maana watu wa kazi hujua matatizo yao sana, wanachokosa ni muda wa kuhesabu. Wewe huna cheo wala gari, lakini una muda na daftari. Hiyo ndiyo mali yako.

Msalimie kila mtu, na umsalimie kwa lugha yake. Mbale ukisema "Mulembe" mlango hufunguka, na wenzetu waliotoka magharibi ya Kenya wanalijua neno hilo tangu utotoni. Jinja sema "Kodheyo". Kiingereza kiache kwa siku ya kueleza mradi. Na Kiswahili utashangaa ni mafundi wangapi wanakielewa.

Nitatoa mifano mitatu ya maswali yenye kipimo cha mwanafunzi.

La kwanza, la Mbale: mto ukichafuka, ni kipimo gani cha shabu kinachotosha? Shabu ni ile dawa inayoyafanya matope yashikane na kuzama. Unachukua vyombo sita vya maji yale yale, unatia vipimo sita tofauti, unakoroga kwa kasi kisha polepole, unaacha yatulie, unaangalia kipi kimetakasika kwa dawa chache zaidi. Ukifanya hivyo siku za jua na siku za mvua kwa wiki nne, unaweza kumwachia mhudumu jedwali: maji yakiwa na rangi hii, anzia kipimo hiki.

La pili, la Jinja au mji wowote: mtaa huu mmoja unapoteza maji kiasi gani? Unasoma mita kubwa inayoingiza maji mtaani, kisha unasoma mita za nyumba zote, wiki moja. Tuseme kwa mfano tu kwamba mita kubwa imeonyesha mita za ujazo 420, na jumla ya nyumba ni 290. Pengo ni 130, yaani asilimia 31. Kisha unaamka saa nane usiku, watu wamelala, unasoma mita kubwa tena. Ikiwa inazunguka kwa kasi wakati hakuna anayeoga wala kupika, basi umejua kwamba sehemu kubwa ya pengo ni uvujaji, na ukienda kutafuta unajua unatafuta nini.

La tatu ni dogo kuliko yote, na ndilo nililipendalo. Bomba linavuja kando ya njia; watu wamelizoea. Weka jerikeni ya lita 20 chini yake, shika saa. Ikijaa kwa dakika nne, hizo ni lita 5 kwa dakika, lita 300 kwa saa, lita 7,200 kwa siku. Hizo ni jerikeni 360 kila siku. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi huweka lengo la lita 20 kwa mtu mmoja kwa siku. Kwa hiyo uvujaji ule ambao watu wanauruka kwa mguu unamwaga mgao wa watu 360. Wazazi wangu, hapa hakuna mtu anayehitaji kufafanuliwa maana ya mgao.

KUPANGA WIKI ZAKO

Swali likishapatikana, liandike kwa sentensi moja, mpelekee msimamizi wako, na umwombe alitie sahihi. Usione haya. Sahihi ile ni ngao yako. Msimamizi akihamishwa, na wasimamizi huhamishwa, atakayekuja atajua kwamba kazi yako ina mwenyewe.

Kwa wiki nane mimi ningegawa hivi. Wiki ya kwanza kuona na kusikiliza. Ya pili kuandika swali, kukubaliana na msimamizi, na kujaribu kipimo chako mara moja ili ujue kama kinafanya kazi. Ya tatu hadi ya sita kupima na kuandika kila siku. Ya saba kuandika taarifa. Ya nane kueleza na kukabidhi. Wale wenye wiki kumi au kumi na mbili waongeze siku za kupima, wasiongeze maswali.

Katika wiki zile nne za kupima, hesabu tatu tu kuwa ni zako. Moja itachukuliwa na mvua, gari lisilo na mafuta, umeme uliokatika, msiba, na kazi utakazotumwa. Ndiyo, mtatumwa. Kila mwaka kuna vijana wanaorudi wakilalamika kwamba katika ofisi fulani walitumwa chai na kupanga mafaili mpaka wiki zikaisha. Malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini angalieni: mwanafunzi asiye na mpango ulioandikwa ndiye anayetumwa zaidi, kwa sababu anaonekana amekaa bure. Mwenye daftari la vipimo vya saa nne asubuhi atasema kwa adabu, "Nitaleta chai, mkubwa, ila saa nne nina kipimo." Mara ya tatu watamwacha aende.

Daftari lenyewe liwe moja, lenye kurasa zenye namba. Andika tarehe, saa, mahali, kipimo, na jina la aliyekuwa pamoja nawe. Usifute, ukikosea, piga mstari mmoja juu yake na uandike upya, ili la zamani lisomeke. Na usiandike leo vipimo vya juzi kwa kukumbuka. Namba ya kubuni ni kama maji machafu yaliyopakwa rangi: huonekana vizuri mpaka mtu ayanywe.

Msisahau karatasi zenu pia. Barua ya chuo, kitambulisho cha mkimbizi kilichotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, na nakala zake. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 na kanuni zake za mwaka 2010 zinamruhusu mkimbizi aliyetambuliwa kutembea nchini kwa masharti ya sheria na kupata kazi. Mtu wa ofisini asiyeijua si adui. Mweleze kwa upole, mwonyeshe karatasi, na ukishindwa umpigie mwalimu wako wa chuo. Usigombane na mlinzi wa lango.

NAMBA CHUNGU

Sasa nafika kwenye jambo zito, ambalo vitabu vya chuo hulipita haraka.

Tuseme umepima, na pengo ni ile asilimia 31. Msimamizi wako anaangalia daftari na uso wake unabadilika. Anasema, "Kijana, wakubwa wakiona hii watasema nimelala. Andika asilimia 18." Utafanya nini? Wewe ni mwanafunzi, alama zako ziko mkononi mwake. Na zaidi ya hapo wewe ni mkimbizi. Sote tumelelewa kwa kuambiwa kwamba mgeni hasemi, mgeni ashukuru.

Nawajibu kwa methali ya Kiswahili: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni hakuitwa ili anyamaze tu. Huenda amekuja na dawa. Lakini dawa hutolewa kwa adabu, na adabu hiyo ina hatua zake.

Hatua ya kwanza, msimamizi aone namba mbaya kabla ya mtu mwingine yeyote. Usimshtue mbele ya mkubwa wake. Mpe nafasi ya kukagua kipimo. Pengine mita kubwa yenyewe ina hitilafu, na yeye anajua jambo hilo nawe hulijui. Nenda naye mkapime tena pamoja. Mtu akisoma mita kwa macho yake mwenyewe, namba huacha kuwa mashitaka yako na kuwa habari yake.

Hatua ya pili, tenga namba na mtu. Usiandike, "Wafanyakazi wa mtaa huu ni wazembe." Andika, "Katika wiki hii mita za ujazo 130 hazikuonekana katika mita za nyumba. Vipimo vya usiku vinaonyesha kwamba sehemu kubwa ni uvujaji." Vivyo hivyo, majina ya wateja yasionekane katika taarifa wala katika chati. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019. Lakini hata kama isingekuwapo, mama mwenye mita mbovu hastahili kutajwa ukumbini. Andika nyumba namba 1, nyumba namba 2.

Hatua ya tatu, karibu na namba mbaya weka njia. Ukisema maji yanapotea, sema pia ni vali gani ianze kutengenezwa na kwa nini hiyo. Mkubwa anayepewa tatizo tupu hukasirika. Anayepewa tatizo na mahali pa kuanzia huchukua kalamu.

Hatua ya nne ni fupi. Usibadilishe namba. Lugha waweza kuilainisha, mpangilio waweza kuubadili, na sehemu waweza kuiondoa kabisa kama msimamizi amekataa isisomwe hadharani, ukamweleza mwalimu wako wa chuo sababu. Lakini 31 haiwi 18. Fikirini: siku moja mtu atatumia namba hiyo kuamua tanki liwe la ukubwa gani. Tanki hilo huenda likawa letu. Mifumo ya maji ya baadhi ya makazi ya wakimbizi hapa Uganda imekwisha kukabidhiwa mashirika ya umma ya maji. Namba za uongo zinazoandikwa mjini huteremka mpaka kwenye foleni ya kambini, na mwisho wa foleni pale husimama mtoto.

SIKU YA KUELEZA

Siku yenyewe ikifika, wengi hutetemeka. Yafaa kutetemeka kidogo. Mwalimu asiyetetemeka siku ya ukaguzi hajajiandaa. Haya ndiyo ya kufanya.

Anza na jibu. Usianze na historia ya maji duniani. Sema, "Mabwana na mabibi, katika mtaa huu kila maji ya mita za ujazo 100 yanayoingia, 31 hayaonekani, na naamini vali tatu zikitengenezwa sehemu kubwa itarudi." Hapo kila mtu ameamka. Kisha eleza umejuaje, kisha eleza la kufanya. Dakika kumi zatosha. Kama umepewa ishirini, kumi nyingine ni za maswali.

Andaa chati zako kwenye karatasi za manila hata kama umeahidiwa projekta. Projekta hutegemea umeme, na umeme hukatika hata Jinja penye bwawa. Chati tano zinatosha: swali, ramani ya mahali, namba, sababu, pendekezo. Herufi zisomeke na mtu aliyeketi nyuma. Sisi walimu twajua: kama mtoto wa dawati la mwisho hasomi, hukuandika ubaoni, ulijiandikia mwenyewe.

Fanya mazoezi kwa saa, mbele ya mtu asiyejua kazi yako. Mweleze mama unayepanga kwake. Akiuliza, "Kwa hiyo?" basi bado hujamaliza kuandaa. Ukisimama ukumbini usisome karatasi neno kwa neno. Tazama watu. Wataje kwa shukrani waliokusaidia, ukianza na fundi na msoma mita kabla ya meneja. Meneja ataelewa, na fundi hatasahau.

Ukiulizwa swali usilolijua, sema, "Hilo sikulipima, mkubwa. Linaweza kupimwa kwa njia hii." Jibu hilo lina heshima kuliko maneno mengi. Na mtu akikuuliza kwa dharau umetoka wapi, taja chuo chako, kisha urudi kwenye chati. Hukwenda pale kueleza ukimbizi wako. Kazi yako ikiwa safi, wataujua wenyewe wakati wa chai, na watauona kwa jicho jingine.

KUACHA KITU

Tumezoea miradi inayoishia kabatini. Taarifa inafungwa kwa jalada zuri, inatiwa muhuri, nakala moja chuo, nakala moja ofisi, basi. Mimi nasema alama za kweli za mradi hutolewa miezi sita baadaye. Je, jedwali lako la shabu bado limebandikwa ukutani penye mitambo? Je, yuko mtu anayesoma ile mita kubwa kila Jumatatu?

Ili hilo liwezekane, acha kitu chepesi. Karatasi moja iliyopigwa plastiki hushinda taarifa ya kurasa 40. Fomu yenye safu nne hushinda programu ya kompyuta isiyojulikana na mtu. Na katika wiki ya mwisho usipime wewe: mwache mhudumu apime huku umesimama kando. Akifaulu bila kukuuliza, umekabidhi. Akikuuliza mara tano, fomu yako ina kasoro. Irekebishe kabla hujapanda basi.

Kisha, vijana, mrudi na nakala hapa. Kamati yetu ya watumiaji maji ina mabomba yanayovuja, ina daftari lisilosomeka, na ina ugomvi kila mwezi juu ya michango. Kijana aliyejifunza kusoma mita kubwa na mita ndogo na kueleza pengo bila kumtukana mtu, huyo anaweza kutuamulia ugomvi ambao sisi wazee wa hotuba tumeshindwa.

KWA WAZAZI

Neno la mwisho ni kwenu wazazi. Wiki hizi nane mtoto hataleta pesa. Atahitaji nauli, chakula, viatu vya mpira na mahali pa kulala. Najua mgao umepungua na najua bei ya unga. Nawaomba msimwite arudi katikati ya vipimo kwa sababu ya palizi au sherehe, maana wiki moja ikikatika mradi mzima unachechemea. Binti naye apewe nafasi sawa na kaka yake. Tangu tufike, wanaobeba jerikeni ni wao. Ni haki yao wafike hadi kwenye chanzo cha maji.

Vijana, tulipovuka mpaka tuliandikwa kwa namba: kaya namba fulani, watu kadhaa, mgao kiasi fulani. Sasa mnakwenda mahali ambapo ninyi ndio mtakaoshika kalamu na kuandika namba. Ziandikeni sawasawa.